Kitako cha Shotigani ya Mzee Shimba

Dodoma,
7 Julai 2025

Mzee Projest Kahigwa,
Fundi Bunduki, Igogo, Mwanza.

Shikamoo.

Nimekupigia simu mara tisa. Dereva wangu Revocatus ananiambia simu unayo, iko kwenye droo, ila habari za kazi unazipokea kwa karatasi yenye sahihi tu. Sijaona fundi wa namna hiyo tangu nianze ukandarasi. Lakini kila niliyemuuliza kanda ya Ziwa ananitajia wewe kwa kuchora chuma, kwa hiyo haya, karatasi yako hii hapa.

Revocatus anakuletea shotigani ya marehemu baba yangu, Mzee Shimba Chenge, pamoja na leseni yangu na kibali cha polisi cha kuileta kwako. Ni ya mitutu miwili, ya Kiingereza, ya zamani kuliko mimi na wewe. Tarehe 20 Septemba tunafanya kumbukumbu ya miaka kumi tangu baba afariki, nyumbani Isenyamilo, upande wa Sengerema. Wageni ni wengi na wengine ni wakubwa. Siku hiyo wazee watanikabidhi bunduki hii hadharani kama mrithi, kwa hiyo nataka ing'ae.

Maagizo ni haya. Mitutu itiwe weusi upya. Kitako cha zamani kitolewe, uweke kirefu cha mninga kinachonitosha mimi. Ubavuni uchore baba amesimama juu ya mamba, na maneno: MZEE SHIMBA CHENGE, MUUAJI WA MAMBA WA ISENYAMILO, 1988. Mchoro nimeambatisha, umetengenezwa na kompyuta. Rangi ya dhahabu nimekwisha kuipulizisha kwangu Buswelu ili kukupunguzia kazi.

Mamba yule alikuwa amekula watu watano, wa mwisho kaka yangu Obedi, ambaye mimi sikumkuta. Baba alimvizia siku mbili, akamchapa katikati ya macho wakitazamana. Picha ipo sebuleni. Nataka wajukuu wajue wametoka kwa nani.

Elias Shimba Chenge


Igogo,
11 Julai 2025

Bwana Elias,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimefungua madirisha yote.

Nianze na harufu. Kuna mtu miaka mingi iliyopita aliipaka bunduki hii samli badala ya mafuta ya bunduki. Samli imeoza ndani ya mashine yake, imegeuka kitu cheusi kinachonata kama nta ya sikio, na nilipofungua parafujo ya kwanza mke wangu aliyekuwa uani aliuliza ni nini kimekufa. Mtutu wa kushoto una nyumba ya nyigu wa udongo, wenyewe wamekauka ndani. Hayo ni ya uzee, nimeyazoea.

Nisichoweza kukizoea ni dhahabu yako. Rangi ya kupulizia magari, bwana, juu ya chuma kilichopigwa tupa kwa mkono. Imeziba maungio, imeziba vifyatulio. Aliyepuliza hakufuta hata vumbi. Nimekuta mguu wa mende umegandishwa humo, unang'aa kama pete. Nimeubandua na kuuweka kwenye kibiriti, Revocatus atakuletea pamoja na barua hii.

Mchoro wa kompyuta nimeugeuza upande wa nyuma ili nisiutazame wakati wa kula. Mamba ana meno kama kitana na baba yako ana vidole sita.

Kuhusu karatasi: mwaka 1996 nilichora jiwe la kaburi kwa maneno ya mdomo. Ndugu walipogombana, kila mmoja alikana kusema, na jiwe lile wakaniachia mimi; mpaka leo nalikanyaga nikienda chooni. Tangu hapo sichori herufi moja bila sahihi ya mwenye mali. Ndiyo maana simu iko kwenye droo.

Sasa jambo la kazi. Kabla sijatoa kitako cha zamani nimekikagua, kama inavyotakiwa. Anayelenga kwa bega la kulia hulaza shavu upande wa kushoto wa kitako. Hiki kimebonyea upande wa kulia. Kimekwanguliwa kwa kisu kwanza, kwa uangalifu, halafu shavu na jasho vikamalizia kwa miaka. Tena kimekatwa kwa msumeno wa mkono, vidole vitatu hivi, kimfae mtu wa mkono mfupi.

Baba yako alikuwa mfupi mwenye kutumia mkono wa kushoto? Nijibu, maana nikichora mtu nataka nimchore alivyokuwa.

P. Kahigwa


Dodoma,
16 Julai 2025

Mzee Kahigwa,

Shikamoo. Mende nimempata. Nimekasirika, halafu nimecheka, halafu nimekasirika tena.

Baba alikuwa na futi sita kamili, na kila kitu alifanya kwa mkono wa kulia, pamoja na kutuchapa. Hicho kitako labda kiliharibiwa na mtu aliyeazima. Kichome, au pasulia kuni za chai. Nyie Wahaya mna maswali mengi kama mmekaa kwenye kamati. Nimekuletea bunduki, sikukuletea mtuhumiwa.

Dhahabu itoe basi, kama imekukera. Lakini mamba abaki na maneno yabaki. Nakuomba uelewe yana maana gani kwangu. Baada ya baba kumuua mamba yule, vijiji vitatu vilimchangia ng'ombe kumshukuru, na kwa ng'ombe hao ndipo alipomwoa mama yangu mzazi, Paskazia. Mimi nikazaliwa mwaka 1990. Kijijini walikuwa wananitania kwamba mimi ni mtoto wa mamba, na nilikuwa natamba nalo shuleni. Mama alifariki nikiwa na miaka mitatu, nikalelewa na mama mkubwa, Mama Evelina, ambaye ndiye mzazi wa Obedi. Yupo hai, ana miaka sabini na tano, na siku hiyo atakaa kiti cha mbele.

Kuhusu tarehe na mambo mengine ya siku ile, muulize dada yangu Bernadeta, mtoto wa Mama Evelina. Ni mwalimu wa shule ya msingi pale pale Isenyamilo. Wakati huo alikuwa na miaka kumi.

Sahihi yangu hiyo hapo chini, kwenye maneno yale yale niliyoagiza.

Elias Shimba Chenge


Igogo,
21 Julai 2025

Mwalimu Bernadeta,

Salamu. Mimi ni fundi Kahigwa wa Igogo, ninayetengeneza shotigani ya marehemu baba yenu kwa ajili ya kumbukumbu. Ndugu yako Elias ameniagiza nimchore baba yenu juu ya mamba, na amenielekeza kwako.

Nina maswali mawili na naomba usiyaone ni utovu wa adabu. La kwanza: mamba alipigwa wapi? Elias anasema katikati ya macho, wakitazamana. Mimi nimetengeneza bunduki miaka arobaini, na goroli za shotigani kwenye paji la mamba ni kumtupia mchanga. Sitaki mwindaji yeyote aje kuitazama kazi yangu na kunicheka.

La pili: nani ndani ya nyumba ile alikuwa anatumia shoto? Elias ameniambia nikichome kitako cha zamani. Kiko kwenye benchi, bado sijakichoma.

P. Kahigwa


Isenyamilo,
26 Julai 2025

Mzee wangu,

Shikamoo. Barua yako nimeipata.

Tarehe ni 3 Machi 1988. Mamba alipigwa nyuma ya jicho, kutoka ubavuni. Kuhusu hayo mengine, andika kama Elias alivyokuagiza. Yeye ndiye mwenye leseni.

Kitako cha zamani usikichome. Nilimsomea mama barua yako, na hilo ndilo neno pekee alilosema.

Mwl. Bernadeta Shimba


Igogo,
1 Agosti 2025

Mwalimu Bernadeta,

Marahaba.

Sijakichoma. Lakini nimekifungua, na sasa siwezi kufanya kama sijaona.

Mwisho wa kitako, pale panapokaa begani, kuna bamba la pembe ya mnyama lenye parafujo mbili. Nimelitoa ili nilisafishe. Ndani ya mbao mtu ametoboa shimo la kina cha kidole, akaliziba kwa kitambaa na nta ya nyuki. Ndani ya kitambaa kuna kifungo kimoja cheupe cha kaptura ya mtoto, bado kina uzi wa bluu. Upande mmoja kimeyeyuka kidogo, kama kilichokaa kwenye tindikali.

Mwalimu, mimi ni mtu mzima, na nimefanya kazi na vitu vya wafu wengi. Nilikiweka kifungo hicho mezani nikaenda nje kusimama. Nilijua kimetoka tumboni mwa nini.

Nimekirudisha kilipokuwa. Sasa ndugu yako anataka kitako hiki kiwe kuni za chai. Niambie ninachora nini.

P. Kahigwa


Isenyamilo,
9 Agosti 2025

Mzee wangu Kahigwa,

Shikamoo. Nimeandika barua hii mara nne. Mama hajui kama naituma.

Baba alikuwa na leseni. Bunduki alikuwa nayo mama. Viboko walipokuja kwenye mpunga, aliyelala shambani alikuwa mama. Yeye ndiye mwenye shoto. Yeye ndiye aliyekikata kitako kwa msumeno wa jirani na kukikwangua kwa kisu cha samaki mpaka kikamkaa shavuni. Kijiji kizima kilikuwa kinamwona akipita nayo asubuhi, na baba akiwa bado amelala.

Siku Obedi alipochukuliwa, mama alikuwa mashineni akisaga. Mimi na Obedi tulikwenda ziwani na baba, yeye akioga, sisi tukichota maji. Obedi alikuwa na miaka sita. Sitaeleza. Nitasema tu kwamba baba alikuwa hatua tano kutoka kwa Obedi, na alichofanya ni kupanda jiwe. Alipanda akiwa uchi, akakaa huko juu amekumbatia magoti, na hakushuka mpaka mama alipokuja. Mpaka leo nikiona sabuni ya kipande imelala juu ya jiwe naitupa majini.

Mama alikwenda nyumbani, akachukua bunduki na risasi mbili. Alilala kifudifudi kwenye mawe siku mbili, hakula, hakunywa, haja ndogo alijimalizia pale pale. Mamba alirudi siku ya tatu alfajiri. Alimpiga nyuma ya jicho, zote mbili.

Baba alifika mbio. Neno lake la kwanza halikuwa Obedi. Alisema, "Leseni ni ya kwangu. Wakijua umefyatua wewe watakufunga na bunduki watachukua. Tutasema ni mimi." Mama alikubali. Angekubali chochote saa ile. Walimpasua mamba, na cha Obedi kilichopatikana kilikuwa hicho kifungo. Wanaume wakacheza ngoma pale pale kwenye utumbo. Mpiga picha akaletwa kutoka Sengerema, wanaume wakajipanga nyuma, baba akaweka mguu juu ya mzoga, akanyoosha kifua. Mama alikuwa kando anafua damu kwenye kitenge chake, hayumo kwenye picha.

Halafu wakaleta ng'ombe. Hapo ndipo uongo wa kuogopa jela ulipogeuka kuwa kitu kingine. Mwaka haujaisha, baba akawatoa ng'ombe wale wale mahari kwa Paskazia, na mama akapika pilau la harusi hiyo. Usiku ule ule wa mamba alikuwa amekitia kifungo kwenye kitako, na kesho yake baba alifungia bunduki kabatini na kumkataza kuigusa, akisema mwanamke kubeba bunduki ni aibu.

Utauliza kwa nini tumenyamaza na baba amekufa. Ni kwa ajili ya Elias. Paskazia alipofariki, mama alimbeba mgongoni mtoto aliyetokana na ng'ombe wa Obedi. Alitukataza kusema, akaniambia Elias hakuchagua ng'ombe wa kuzaliwa nao. Anampenda, mzee wangu. Huenda anampenda kuliko mimi.

Lakini tangu nimsomee kwamba mamba atachorwa, chakula anakigusa na kukisukuma. Siku hiyo watamkalisha mbele, watamwambia apige vigelegele. Namwangalia anavyopungua, na nina hakika ikifika Septemba hivi hivi, kumbukumbu itakayofuata itakuwa yake.

Nakuomba jambo moja. Chora anayoyataka Elias, lakini chini ya kitako kipya, ndani, pasipoonekana, chora jina la mama. Elias hatajua. Sisi wawili tutajua.

Mwl. Bernadeta


Igogo,
14 Agosti 2025

Mwalimu Bernadeta,

Marahaba, mwanangu. Nimesoma.

Sitafanya uliloniomba. Nakataa kwa sababu mbili, usikasirike mpaka umalize kusoma.

Ya kwanza ni ile ya karatasi. Sichori bila sahihi ya mwenye mali, hata kwa jambo jema, maana siku nikianza kuamua mwenyewe lipi ni jema nitakuwa mtu hatari mwenye tindo mkononi.

Ya pili ni kwamba mama yako amekwisha kukaa chini ya mbao miaka thelathini na saba. Nikimfungia tena humo na kumchora mumewe juu, nitakuwa nimefanya alichofanya baba yako, tena kwa malipo. Nimechora uongo mwingi katika maisha haya. Nimechora "mume mwema" juu ya watu waliokuwa wakipiga wake zao mpaka majirani wakahama. Nilikuwa nasema mimi ni fundi tu. Nilipomaliza barua yako nilijisikia kinyaa, na safari hii hakikuwa cha samli.

Siri yenu sitaitoa. Elias hatasikia neno kutoka kwangu. Lakini jina la baba yenu na mamba wake silichori.

P. Kahigwa


Buswelu,
2 Septemba 2025

Mzee Kahigwa,

Shikamoo, ingawa hustahili.

Nimerudi kutoka Dodoma nikitegemea kukuta kazi imeisha. Revocatus anasema mitutu umeisafisha na kuitia weusi vizuri sana, mbao mpya hujagusa, na ubavuni hakuna hata mstari. Umekaa na bunduki yangu wiki nane. Kadi za wageni zimetoka, na picha ya mamba imo kwenye kadi.

Sahihi ulitaka, nimekupa. Maneno ulitaka, nimekupa. Kama ni uzee umekushika mkono, sema, nitampelekea mchonga mihuri wa pale stendi amalizie. Wewe unafanya dharau kwa marehemu ambaye hukumjua, aliyefanya jambo ambalo wewe na tindo zako hamtalifanya mpaka mfe.

Nijibu kwa maandishi, kwa kuwa ndiyo dini yako.

Elias Shimba Chenge


Igogo,
4 Septemba 2025

Bwana Elias,

Marahaba. Mkono wangu mzima.

Sitachora maneno uliyoagiza. Sababu siiandiki, kwa kuwa si yangu kuiandika. Ukitaka kumpa mchonga mihuri, njoo na kibali uichukue bunduki, sitakudai kitu.

Lakini kabla ya hapo fanya jambo moja, ukimaliza unitukane vizuri zaidi. Nimempa Revocatus kitako cha zamani, nimekifunga kwenye gunia. Ni kipande cha mbao tu, hakihitaji kibali. Nimekipangusa, sikukipiga msasa. Kichukue wewe mwenyewe, vuka daraja, nenda Isenyamilo. Usitume dereva. Mpe Mama Evelina mkononi na umwambie, "Mama, fundi anauliza kama kinafaa." Usiseme kingine.

Kisha niandikie utakacho, na utakachoandika nitakichora.

P. Kahigwa


Isenyamilo,
8 Septemba 2025

Mzee Kahigwa,

Shikamoo.

Nimekuja Jumamosi. Mama alikuwa anachambua dagaa kwenye ungo. Nikampa kama ulivyosema, nikasema ulivyosema, nikijiona mjinga.

Alifuta mikono. Alikishika, akakipandisha bega la kushoto bila kufikiri, mtu mwenye miaka sabini na tano, mgongo wake ukanyooka, na shavu likaingia kwenye lile bonde. Likatosha, mzee. Nililiona likitosha. Alifumba jicho moja akatazama ziwani. Kisha akakigeuza, akagusa lile bamba la pembe kwa kidole, akaniuliza, "Kifungo kimo?"

Mimi nikasema kifungo gani, mama.

Dada Bernadeta ndiye aliyeeleza. Mama alimkataza, halafu akachoka kumkataza. Nimesikia yote, na jiwe, na pilau.

Nilikwenda nyuma ya choo nikatapika. Nilikuwa nimekula kwangu Buswelu vizuri sana asubuhi, supu ya ng'ombe. Sijui kama nitaila tena. Shuleni nilikuwa nakunja ngumi kifuani nikisema mimi mtoto wa mamba. Nilikuwa nasema hivyo mbele yake, nikirudi nyumbani, na yeye ananipakulia ugali. Nimejitazama kwenye kioo cha gari nikaona kifua cha baba kilivyonyooshwa kwenye ile picha, ni kifua hiki hiki. Nimekichukia.

Niliishusha picha ukutani nikataka kuipasua. Mama akaninyang'anya. Alisema, "Acha. Ndiyo picha pekee ya huyo mamba, na nilimuua mimi."

Nikamwomba aseme tuchore nini. Nikamwambia jina lake lijae ubavu wote, nitoe kadi upya. Alikataa. Mamba hataki kumwona, anasema alikwisha kumwona vya kutosha. Jina lake pia hataki, anasema analijua. Alichosema nakiandika hapa kama alivyokisema, na chini kuna sahihi yangu mimi mwenye leseni, na pembeni dole gumba lake, la kushoto:

OBEDI. MIAKA SITA.

Basi, hakuna kingine. Kitako cha zamani kirudi kama kilivyo, kwa urefu wake. Kama hakinitoshi mimi, sawa.

Elias


Igogo,
17 Septemba 2025

Bwana Elias,

Marahaba.

Kazi imekwisha, Revocatus atakukabidhi pamoja na kibali.

Nimelichora jina ubavuni, upande wa kulia, mbele kidogo ya bonde la shavu, ili anayelenga kwa bega la kushoto awe karibu nalo. Herufi nimekata kwa mkono, si kwa mashine, siku mbili. Hakuna maua, hakuna mizabibu, hakuna mstari wa kuzungushia. Mke wangu aliuliza mbona pamebaki peupe sana. Nilimwambia ndivyo karatasi ilivyoagiza.

Kitako nimekipaka mafuta ya kitani mara saba, ila kwenye bonde nimepaka kwa kidole tu, msasa haukugusa hapo. Alama za kisu chake bado zinaonekana. Kifungo kimo, nimekitia nta mpya. Parafujo mbili za bamba nimezibadilisha, za zamani zilikuwa zimeliwa na kutu, nazo nimeziweka kwenye kibiriti. Kibiriti ni kama kile cha mende, nisamehe, sikuwa na chombo kingine.

Niandikieni ilivyokuwa.

P. Kahigwa


Isenyamilo,
22 Septemba 2025

Mzee wangu Kahigwa,

Shikamoo. Uliomba uandikiwe, na Elias amesema niandike mimi.

Watu walijaa mpaka nje ya turubai. Mshehereshaji alikuwa ameshika karatasi ya zamani, hakuna aliyekumbuka kumpa nyingine, akaanza kusoma habari za baba, simba wa Isenyamilo, na mamba na macho kwa macho. Elias akamwendea akamnyang'anya kipaza sauti. Nilidhani atahutubia. Alisema tu, "Bunduki hii si ya kukabidhiwa mimi. Leseni ni ya kwangu, lakini mwenyewe yupo." Akampelekea mama bunduki pale alipokaa.

Mama alisimama. Hakupiga vigelegele. Alisoma kwa kidole, maana macho hayamsaidii sana, herufi moja baada ya nyingine, na midomo yake ikawa inatamka. Halafu akaipandisha begani, bega la kushoto, bunduki tupu, akatazama kule kwenye mawe.

Pale mbele walikuwa wamekaa wazee watatu waliobaki kati ya wale wa kwenye picha. Niliwatazama, nikasubiri washangae. Hawakushangaa, mzee wangu. Walitazama viatu vyao. Mmoja wao, anayetuombea kila Jumapili, akasema kwa sauti ndogo, kama mtu anayemfariji, "Shemeji, mbona sisi tulijua."

Mama akashusha bunduki. Akamuuliza, "Kama mlijua, wale ng'ombe mlimpa nani?"

Wali ulikuwa umepakuliwa, ukapoa kwenye sahani, nzi wakatua, na hakuna mtu aliyewafukuza. Miaka yote nilikuwa nimemchukia baba peke yake. Pale nilitazama safu za viti, nyuso za watu walionifundisha na kunibariki, nikaona nilikuwa nimemtenga baba kana kwamba alidanganya peke yake.

Elias, mtoto wa ng'ombe wale, ndiye aliyejibu. Alikwenda akapiga magoti mbele ya mama, na suti yake, kwenye vumbi. Mama alimwambia anyanyuke, asichafue suruali.

Tulipobaki wenyewe jioni, aliomba ugali na dagaa. Alikula akamaliza, akaomba tena.

Bernadeta